Shigela na Umeme wa Hamsini

Shigela ana kibanda cha kutengeneza redio Buswelu, na kila nikipita huko napumzika kwenye benchi lake. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole wa mikono, moyo sina hakika. Ukimletea redio mbovu haifungui kwanza. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anaisikiliza inavyonguruma, halafu anakutajia ugonjwa wake. Watu walimwita Shigela Masikio, na jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Mwaka jana mwalimu Wilhelmina, wa fizikia sekondari, alianzisha darasa la Jumamosi kwa watu wazima kwenye ukumbi mmoja huko Ilemela. Walijifunza kuchambua mawimbi ya mvutano. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa. Mbali sana huko juu, vitu viwili vizito mno, wanaviita mashimo meusi, vilizungukana mpaka vikagongana. Mgongano ule ukatikisa anga lenyewe, kama jiwe linavyotikisa maji ya ziwa, na mtikisiko ukasafiri miaka zaidi ya bilioni moja hadi kutufikia. Marekani wametandaza mabomba ya kilometa nne nne, yakaunasa. Walichorekodi wamekiweka kwenye mtandao bure, achukue anayetaka. Tatizo ni kwamba mtikisiko wenyewe umezama kwenye kelele. Ukizichuja kelele kwa kompyuta, kilichobaki ukakigeuza sauti, unasikia mlio mfupi unaopanda, kama ndege aliyeshtuliwa, basi.

"Hiyo ni kazi ya masikio," Shigela aliniambia, akajiandikisha siku ile ile. Tena mwalimu alikuwa akihamishiwa Usagara, na alishasema darasa ataliachia mmoja wa wanafunzi. Shigela akajiona tayari amesimama mbele, chaki mkononi.

Asichokitarajia ni Najat. Huyu ni binti wa watu wa mjini, ana duka la kuchapa na fotokopi mtaa wa pili kutoka kwa Shigela. Redio hajapata kuifungua maishani mwake. Lakini Jumamosi ya tatu alivua hedifoni, akampa mwalimu, mwalimu akasikiliza, akapiga makofi. Najat ameupata mlio.

Shigela kwenye hedifoni zake alikuwa anapata mngurumo tu. Mmmmmm. Alichuja, akachuja tena. Mmmmmm.

Kuanzia hapo mtu wangu alibadilika. Buswelu wakaanza kumwita Najat Mama Mlio, na kila lilipotajwa jina hilo Shigela alibana bisibisi kama anataka kuivunja. Mara aseme kompyuta za ukumbini ni chakavu. Mara aseme Najat ana mtandao wa kasi dukani. Njia ya kwenda kununua risasi ya kulehemu ilipita mlangoni kwa Najat, naye akawa anazunguka nyuma ya msikiti asije akasikia "shikamoo fundi".

"Baba Mihayo," mkewe Kija alimwambia siku moja nikiwapo, "unamwonea wivu mtoto wa fotokopi?"

"Wivu gani! Nasema ameiga. Anachojua yule ni kutoa nakala, ametoa nakala ya kazi ya mtu."

"Haya. Na wewe katoe nakala basi, tulale kwa amani."

Nilicheka. Shigela hakucheka.

Jumamosi ya tano nilimsindikiza, nikakaa nyuma. Mwalimu hajafungua hata daftari, Shigela akasimama. "Mwalimu, kabla hujampa mtu darasa, huyu atuonyeshe alivyofanya. Hatua kwa hatua. Mimi nadhani alipewa faili lililokwisha safishwa."

Najat alifungua kompyuta, akaanza kuonyesha: hapa nimepakua, hapa nimechukua sekunde hizi, hapa nimekata mngurumo wa umeme, mitetemo sitini kwa sekunde.

"Sitini!" Shigela akaruka. "Mmesikia? Sitini! Umeme ni hamsini. Miaka thelathini naondoa mngurumo wa umeme kwenye redio za watu, ni hamsini! Mimi nimekata hamsini kama fundi. Yeye hata hajui alichokata, kaandikiwa!"

Wengine walianza kunong'ona. Najat machozi yakamlengalenga. "Ni kweli fundi, sababu siijui," alisema. "Mimi nilitazama grafu, nikakata palipochomoza kuliko kote."

Mwalimu Wilhelmina akauliza taratibu, "Hamsini ni umeme wa wapi, fundi?"

"Wa hapa. Wa..."

"Na mabomba yako wapi?"

Nilimwona Shigela akikaa bila kuangalia kiti kilipo. Maana alijua. Aliwahi kuletewa saa ya mezani ya mmisionari, imetoka Marekani, ikawa inachelewa dakika kumi kila saa, na ni yeye mwenyewe aliyegundua kwamba imezoea umeme wa kwao, wa sitini. Na baya zaidi alikuja kuniambia njiani: masikio yake yalishamwambia. Wiki zote zile alisikia kwamba mngurumo uko juu kidogo ya ule anaoujua, akalaumu hedifoni.

"Waeleze wenzako," mwalimu alimwambia. Akaeleza, pamoja na habari ya saa, akaeleza vizuri mpaka Najat akaandika. Alipomaliza alisema, "Binti, nimekusingizia. Nisamehe."

"Yameisha, fundi."

Darasa akapewa Najat.

Jumatatu yake nilikuwa kwenye benchi Shigela alipokata sitini kwenye kompyuta ya kuazima. Alitulia na hedifoni muda mrefu kwa kitu kisichofika hata sekunde moja. Akarudia. Akanivisha mimi, nikausikia: mdogo, unapanda, umekwenda. Kija naye akaja, akasikiliza, akashika mdomo.

"Mbona hufurahi?" akamuuliza mumewe. "Si huo hapo?"

"Ni mzuri. Lakini yeye aliusikia wiki mbili kabla yangu."

"Umesafiri miaka bilioni na zaidi, wewe unagombania wiki mbili?"

"Ndiyo," alisema Shigela, akavaa hedifoni tena. "Hizo mbili zilikuwa zangu."