Redio Yetu Kilimani Geita

Nilisafiri kwa sababu nilichoka kuitwa mbeba waya. Miezi saba katika klabu yetu ya redio za ridhaa, watu wa kuzungumza kwa redio kwa mapenzi tu, hapa Shinyanga, sikuwahi kusema neno hewani. Kila nikipewa kipaza sauti, nilikumbuka betri inahitaji kukaguliwa. Wikiendi hiyo vilabu vya nchi nzima vilikuwa vinapanda vilimani na kuitana kwa redio. Mwenyekiti wetu, Mama Neema, aliniwekea sharti: “Ukirudi bila mtu hata mmoja kwenye daftari la mawasiliano, kiti cha mwendeshaji nampa mwingine. Wewe utabaki kamati ya chai.”

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka na pikapu ya Mama Neema. Tulipofika Kahama, nilikuwa nimeandika kwenye karatasi sentensi yangu ya kwanza ya hewani mara tisa.

“Ukimaliza hiyo katiba, nisomee,” alisema Mama Neema.

Saa saba mchana tulifika kilima kimoja nje ya Geita. Mwenyeji wetu, Baba Kulwa, alitusaidia kusimamisha mlingoti wa antena pembeni mwa mihogo yake. Tulipowasha redio, ilikoroma na kupiga mluzi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu waliokuwa wakipita wakasimama. Nusu saa baadaye walikuwa kumi na tano, na mmoja alishapigilia vigingi kuzunguka mlingoti.

“Duara langu hapa, shimo nachimba mimi,” alisema. “Kipimo kimelia.”

“Si kipimo cha dhahabu, kaka. Ni redio,” nilimwambia.

“Redio gani haina hata taarifa ya habari? Dogo, unaficha!” Sururu yake ikatua shubiri moja kutoka kwenye kamba ya mlingoti.

“Mama Neema, mihogo yangu!” alilia Baba Kulwa.

Mama Neema alikunja mikono. “Mwendeshaji ni huyu. Awasikilizishe.”

Karatasi yangu ilikuwa chini ya buti la mchimbaji. Nikaita. Redio ikakoroma tu. Nikaita tena, na sauti ya mzee ikajibu kutoka Chunya, Mbeya, kwenye machimbo ya dhahabu pia. Hewani mambo ni mafupi: mnapeana ripoti ya usikivu, yaani mnavyosikika, mnaagana. Mimi nikasema, “Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mvua zipo huko?”

Mwenye sururu akanisogelea. “Muulize, maduara ya Chunya yanatoa?”

“Yanatoa jasho,” mzee alijibu. Wachimbaji walicheka, wakakubali kuwa ni redio, wakang’oa vigingi vya mwenzao.

Nilishangilia peke yangu. “Ripoti iko wapi?” aliuliza Mama Neema. Mvua tuliizungumza, ripoti tuliisahau. Bila ripoti, mzee hakuhesabika.

Jumapili asubuhi, ikiwa imebaki saa moja tufunge kituo, niliita tena bila karatasi.

“Mwanangu wa Geita!” ilikuwa sauti ileile. “Leo nipe ripoti kwanza, shikamoo baadaye.”

Nikampa, akanipa yake. Mama Neema aliandika mstari mmoja kwenye daftari, akanisogezea kiti.

Njiani kurudi Shinyanga niliona kwamba watu niliowaogopa miezi saba walikuwa wamekaa tu kwenye redio zao, wakisubiri mtu awaite. Nilitaka kumweleza Mama Neema hilo kwa kirefu. Akaniambia niseme kwa ufupi, kama tuko hewani.