Fundi Masese na Gari la Kulala

Nyumba nyingi za Gesima zenye stima zilifungwa waya na Thadeus Masese, na kwa miaka thelathini hakuwahi kusikia kwamba stima ya hata moja imemrusha mtu. Sifa hiyo aliijua vizuri mno. Aliweza kumkaripia fundi mwenzake sokoni kwa ajili ya skrubu moja iliyolegea, kisha akafurahi wiki nzima.

Agosti, mwanawe Ochoki alikuja kutoka Nairobi na mkewe Valentine, mzaliwa wa Ekerenyo, katika gari walilolitengenezesha kwa mafundi likawa nyumba: jiko, meza, kitanda, vyote ndani. Wakaliegesha uani, wakavuta waya kutoka nyumba ya mzee hadi kwenye soketi iliyo ubavuni mwa gari. Kifuniko cha soketi hiyo kilikuwa kimevunjika, na mvua ya Gesima haikosi kazini alasiri. Siku ya tatu soketi ikatoa moshi.

Masese aliishika kazi kwa raha. Akang'oa soketi iliyoungua, akakata ncha za waya zilizoota kutu ya kijani, akafunga soketi mpya yenye kifuniko cha springi, akaweka mpira nyuma yake na kuziba kingo kwa silikoni. Waya wa nje akauacha uning'inie kidogo chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yadondoke nyasini badala ya kuufuata hadi ndani. Ikabaki kuingia garini kuangalia waya wa ardhi, unaoondoa stima iliyovuja kwenye chuma, na swichi ya kujikata, ambavyo vilikuwa chini ya kitanda.

Hapo mzee akakwama. Mlango ulikuwa wazi, kitanda kinaonekana, na juu yake gauni la kulalia la mkamwana wake. Kwa Abagusii, baba haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Hata kukitaja kitanda hicho mbele ya mkamwana ni kujivunjia heshima. Haya hiyo huitwa ensoni, na Masese alilelewa nayo. Angeweza kumngoja Ochoki, aliyekuwa ameenda Kebirigo. Angeweza kumtuma mkewe Bonareri amsemee. Lakini mawingu yalikuwa yanakusanyika, na ulimi wake ulikuwa mzito.

"Baba, huku ndani hauangalii?" Valentine aliuliza, amesimama mbali kidogo, macho chini.

"Huko ndani ni sawa," akasema, akaenda kuwasha stima.

Kesho yake asubuhi Valentine alishuka pekupeku kwenye nyasi zenye maji, akashika mlango wa gari, stima ikamtupa chini. Masese alikimbia kuzima swichi kubwa ya nyumba. Kumwinua hakuweza, kwa ensoni ileile isiyoruhusu kumgusa mkamwana; akabaki amesimama hadi Bonareri alipofika. Bahati njema, mkono wake ulikufa ganzi tu.

Ochoki akawalaani mafundi wa Nairobi waliounda gari, akamshukuru baba yake kwa wepesi wake. Masese alingoja Valentine aseme. Valentine alimtazama mara moja tu, akageuza uso, akanyamaza. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Binti huyu alikuwa anamlindia jina, na yeye hakuwa amemlindia uhai.

Kisha Valentine akamnong'oneza Bonareri, na wote wawili wakaanza kutoa godoro, mashuka na nguo, wakivipeleka ndani ya nyumba ya mzee. Valentine alivuta kwa mkono mmoja.

"Baba," akasema akiwa amempa mgongo, "sasa hapo hakuna chumba. Ni gari tu."

Kazi hiyo ilichukua dakika tano. Jana angeweza kuiomba kwa neno moja.

Masese akaingia. Waya wa ardhi ulikuwa umechomoka, umelala tu juu ya bati, na waya wa moto kando yake umechunika unagusa chuma. Mtoto wa shule angeuona. Akafunga kila kitu, akapima mara tatu, akatoka na kumwita mwanawe.

"Wacha mafundi wa Nairobi," akasema. "Jana niliambia bibi yako ndani ni sawa. Sikuwa nimeingia."

Ochoki alimtazama, kisha akautazama mkono wa mkewe.

"Na stima, nani aliwasha?"

"Ni mimi," Masese akasema.