Turubai Haliulizwi Swali

Nimewahi kumwekea msiba mtu aliye hai.

Sitanii. Turubai lilisimama, viti vikapangwa, watu wakalia mpaka sauti zikakauka. Na aliyekuwa analiliwa, muda huo alikuwa anakatiza mitaa kwa miguu yake, mzima kama mimi na wewe.

Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla majirani zangu hawajawasimulia, maana wale kwa kutia chumvi hawajambo.

Mimi ni katibu wa klabu ya mtaa wetu. Ukisikia katibu usidhani nakaa mezani nasaini. Mwenye zamu ya kufagia ukumbi asipotokea, nafagia mimi. Kete za drafti zikipotea, naulizwa mimi. Balbu ya chooni ikiungua napigiwa simu mimi, utafikiri nimeiuma. Kukaa sikujui. Mume wangu husema akitaka kuniona inabidi aitishe mkutano.

Sasa, klabu ina turubai na viti vya plastiki. Mwanachama akivihitaji anatuma ujumbe, anataja nyumba, tunapeleka. Na mwenyekiti wetu, Seremala, ana kanuni yake anayoirudia kila kikao: turubai haliulizwi swali. Aliyefiwa hahojiwi. Peleka kwanza, mengine utayajua huko huko.

Basi asubuhi moja ukaingia ujumbe kutoka simu ya Mama Cherehani, fundi nguo wetu.

"Katibu, naomba turubai na viti kwa Mama Cherehani leo mchana. Watu wanakuja."

Mama Cherehani anaishi peke yake tangu mumewe afariki. Na mtaa mzima unajua ndugu wa mume walivyomkalia kooni. Wanataka atoke kwenye nyumba, eti ni ya kaka yao, na kweli hati ina jina la kaka yao. Sisi wa klabu tulikaa kando, tukasema mambo ya ukoo hayaingiliwi. Siku za karibuni tukasikia presha imempanda.

Sasa mtu ameshika simu yake, anaomba turubai nyumbani kwake. Wewe ungefikiri nini?

Nikapiga. Haipatikani.

Nikakimbia hadi karakana kwa Seremala, nahema.

"Mwenyekiti, Mama Cherehani hatunaye."

Akaiweka randa chini taratibu. "Wamemmaliza," akasema.

Hatukuuliza zaidi. Nikatangaza kwenye grupu, nikatafuta mkokoteni, nikagombana na mwenye mkokoteni, tukafika. Mlango ulikuwa na kufuli. Kufuli nililiona kwa macho yangu haya, lakini mimi na pupa yangu nikajisemea: mwili uko hospitali, ndugu wamefunga. Tukafunga kamba, tukapanga viti, tukawasha spika.

Watu wakamiminika. Jirani mmoja akanivuta pembeni.

"Kafia wapi?"

"Taarifa kamili inakuja," nikajibu, kikatibu.

Haikupita hata nusu saa namsikia mwanamke mwingine anamweleza mwenzake kuwa marehemu kafia hospitali, mikononi mwa daktari. Nikamfuata.

"Nani kakwambia?"

"Si wewe, katibu?"

Haya.

Kilio kikapamba moto. "Maskini, nyumba aliyoijenga kwa mikono yake!" "Nilimwona mimi akichota maji ya fundi mwashi!" "Kaiacha kwa majangili!" Mimi mwenyewe nililia, tena kwa sauti. Blauzi niliyovaa siku ile aliishona yeye.

Ndipo Shemeji akaingia.

Huyu ndiye mdogo wa mume wake, kinara wa kutaka nyumba. Alikuja na wazee wawili wa ukoo wao, wote mashati yamenyooshwa, yeye kakumbatia mkoba wa karatasi. Akalitazama turubai. Akatutazama.

"Kuna nini hapa?"

"Unauliza?" Seremala akamjibu. "Shemeji yako ametutoka."

Mkoba ukamponyoka.

Watu hawakumpa nafasi hata ya kuvuta pumzi. "Ndio hao!" "Wamemuua kwa presha, sasa wamekuja kurithi." Bibi mmoja wa safu ya mbele akasema waziwazi, "Roho ya mtu haipotei bure, mwanangu. Utailipa."

Shemeji akageuka huku, akageuka kule. Kila uso umemkazia. Jasho likamtoka, akamwendea Seremala, akampokonya kipaza sauti.

"Jamani, mimi nimchukie huyu mama? Mimi? Kaka yangu alipofukuzwa kazi, nani aliyetulisha? Si yeye? Hapa palikuwa kichaka! Kila gauni aliloshona lilikuwa tofali. Matofali yenyewe niliyabeba mimi, kwa mabega haya! Kaka, Mungu amrehemu, hakutia hata msumari. Hati iliandikwa jina lake kwa sababu huyu mama alitaka mumewe aheshimike. Huyu hakuwa shemeji. Huyu alikuwa mama yangu!"

Akaangua kilio. Na kusema haki, alilia kweli, kamasi na kila kitu. Hata sisi tusiomtaka tukajikuta tunalia naye.

Geti likalia kwii.

Akaingia Mama Cherehani, kashika mfuko wa sukari.

Nawaambieni, sijawahi kuona viti vinaruka vile. Seremala, mwanaume wa kifua na sauti nzito, alivuka ukuta wa jirani bila kugusa juu. Spika ikaanguka ikapiga mluzi. Mimi nikabaki kwenye kiti changu.

"Katibu," akaniita. "Nani kafa?"

"Wewe," nikamjibu. Ningesema nini?

"Loo! Mimi niliomba turubai la kikao."

Kumbe ukoo walikuwa wamempa siku hiyo kuwa ya mwisho ya kuhama, na walikuwa wanakuja kwa kikao. Yeye akataka kikao kifanyike nje, mchana kweupe, majirani wakiona. Asubuhi akatoka kumtafuta fundi mwashi aliyeijenga nyumba aje kuwa shahidi wake. Simu ikamzimikia njiani. Na fundi mwenyewe alishahama zamani, hakuna ajuaye alikokwenda.

Shemeji alikuwa bado kakishika kipaza sauti. Akakohoa.

"Yale niliyosema... nilisema kwa uchungu."

"Uchungu haubebi matofali," Seremala akamjibu. Alikuwa amesharudi, magoti yana vumbi. "Uliyabeba wewe. Umesema mwenyewe, mtaa mzima umesikia."

Mzee mmoja wa ukoo akainama, akaokota ule mkoba, akamsukumizia Shemeji kifuani.

"Twende," akasema. "Hapa hakuna kikao tena."

Wakaondoka. Sisi tukapiga vigelegele chini ya turubai la msiba, mambo gani hayo!

Jioni nikawa nakusanya viti. Nikamwendea Mama Cherehani, macho chini.

"Mama, nisamehe. Pupa yangu imekuzika mzima."

Akacheka. "Mimi nilifika kitambo, katibu. Nilisimama nje ya ukuta nikiwasikia mnavyonililia. Nilipotaka kuingia, nikamwona shemeji anafika. Huyu mtu nimemwomba mno aseme ukweli, hasemi. Nikasema moyoni, ngoja nife kidogo."

Nikacheka mpaka nikashika ubavu. Yeye akaacha kucheka kabla yangu.

"Lakini kuna jambo limeniuma. Nimezunguka na jua namtafuta shahidi mmoja. Kumbe uani kwangu wamejaa. Wote mlikuwa mnajua nyumba ni yangu. Na wewe ulijua. Kwa nini mlisubiri nife?"

Nilivuta kiti kimoja kati ya vile nilivyokwisha kupanga, nikakaa karibu naye. Nilikaa mpaka giza likaanza kuingia, na simu yangu ikiita nikaiacha iite.

Wewe unayesoma, kama unaijua haki ya mtu, kaiseme leo, akiwapo, hata kama ni mambo ya ukoo, hata kama sauti inakutetemeka. Marehemu hana haja ya shahidi.