Mama Futa na Glovu ya Kumi

Wapo watu wanaokula kwa kuandika. Mama Futa alikula kwa kufuta. Ukimletea mpira, jezi au glovu ambayo mchezaji mashuhuri ameiandika "Kwa rafiki yangu fulani, kumbukumbu njema," kisha akatia saini, yeye alikuondolea huyo rafiki pamoja na kumbukumbu zake njema, akakuachia saini peke yake juu ya ngozi isiyo na doa. Wanunuzi ndivyo wanavyotaka. Nani atatoa pesa zake aweke sebuleni glovu yenye jina la mtu asiyemjua?

Jina la Mama Futa alipewa na mumewe, fundi redio, mtu wa maneno mengi. "Bahati yangu," aliwaambia wageni, "cheti cha ndoa kiliandikwa kabla hajajifunza kazi hii." Mama Futa alicheka kila mara, ingawa utani huo ulikuwa umeshachakaa.

Kazi aliianzia kwa dobi. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ya madoa akiondoa wino kwenye mifuko ya mashati ya makarani, na hakuna kalamu iliyomshinda. Siku moja mteja akaleta jezi, akasema doa lenyewe ni jina la shemeji yake. Mama Futa akaliondoa. Yule mteja aliigeuzageuza jezi dirishani akitafuta shemeji alikuwa wapi, asimwone. Sifa zikasambaa, na haukupita mwaka Mama Futa akawa anafanya kazi nyumbani kwake.

Ungemkuta kazini ungempenda. Chumba cha mbele, meza chini ya dirisha, lenzi ya kuvaa kichwani, chupa sita za dawa, na pamba aliyoisokota kwenye njiti hadi ikawa nyembamba kama sindano. Kwanza alijaribu dawa ndani ya mkunjo, pasipoonekana, akangoja hadi chai yake ipoe. Haraka haraka haina baraka, na kwenye ngozi ya glovu haraka inatoboa. Kisha alianza na herufi ya mwisho ya neno la mwisho, akarudi nyuma moja moja mpaka kwenye K ya "Kwa". Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake. Ukianzia mwanzo utasoma, alisema, na ukisoma utaingiwa na huruma, na mkono wenye huruma hutetemeka. Kwa hiyo hakusoma hata siku moja. Ilikuwa kanuni ya akili, na ndiyo iliyomponza.

Mteja wake mkubwa alikuwa mwenye duka la kumbukumbu za michezo, ambaye watu walimwita Bwana Kabati kwa ajili ya makabati yake ya vioo. Nusu ya kazi ya Mama Futa ilitoka dukani kwake. Vitu vilivyogombewa zaidi ni glovu za Bingwa, bondia wa zamani aliyekwisha kufa, aliyesifika kwa mkono wa kushoto. Walisema wa kulia aliubeba ili mashati yamkae sawa. Glovu zake tisa zilikuwa zimeshapita kwenye meza ile.

Ya kumi ililetwa na mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu mwenye pengo la jino mbele, akaingia akipapasa ukingo wa mlango, maana macho yalikuwa yamefifia. Ujanani alikuwa mwenzi wa Bingwa mazoezini, yule wa kupigwa ili mwenzake ajifunze, na ukumbini walimwita Ukuta.

"Bwana Kabati ataichukua jina langu likitoka," alisema. "Goti la mke wangu limeharibika, linataka kupasuliwa. Na hospitali hawapokei hadithi za ngumi."

"Iache, baba. Rudi baada ya siku tatu."

"Sawa, mwanangu. Lakini kabla hujafuta, nisomee maneno yake mara moja. Mimi siyaoni tena, na nyumbani wanasema wameyachoka."

Mama Futa alisita. Lakini mtu mzima amekuomba, utamwambiaje? Akavaa lenzi, akasoma kwa sauti: "Kwa Ukuta. Kama si wewe, ningejifunzia kwa nani? Samahani kwa jino."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Mama Futa hakucheka. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameyafuata maneno tangu mwanzo, jinsi yalivyoandikwa, na alichokiona kilimfanya ainame zaidi. Kila herufi ilikuwa imeburutwa kidogo upande wa kulia, kama iliyofutwa na kiganja kilichokuwa kikiifuata kalamu wino ukiwa bado mbichi. Ndivyo anavyoandika mtu wa mkono wa kushoto. Akahamia kwenye saini. Saini ilikuwa safi, haina mburuto hata mmoja.

"Baba, ulimwona akiandika?"

"Nilikaa mbele yake, na jino langu mfukoni."

"Na saini je?"

"Aa, saini. Hizo glovu zilikuja mfuko mzima zimeshatiwa saini. Kaka yake ndiye aliyekuwa akimsainia, Bingwa hakuwa na subira. Yeye aliongeza maneno tu, tena kwa mtu aliyempenda."

Mzee alilisema hilo bila uzito wowote. Mama Futa akakaa chini. Mara tisa alikuwa ameufuta mwandiko wa Bingwa na kuutunza wa kaka yake, kwa ustadi wote, na akasifiwa. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu ashike pamba.

Mchana uleule alimshika mzee mkono wakaenda dukani. Bwana Kabati alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Nani mwingine analijua hili?"

"Ni sisi watatu."

"Basi limeishia hapa. Ifute hiyo, mzee apate chake, goti litengenezwe, tusisumbuane."

Lilikuwa jaribu kweli. Mwenye mke mgonjwa alikuwa amesimama palepale, glovu mkononi. Mama Futa alipiga moyo konde.

"Tisa nimezifuta bila kujua," alisema. "Hii nikiifuta, nitakuwa najua. Siwezi. Na wenye zile tisa nitawaambia. Usiponipa majina yao, nitabandika tangazo mlangoni kwangu."

"Kazi ya duka hili hutaipata tena."

"Najua."

Bwana Kabati hakuwa mjinga. Aliitazama glovu tena, akakuna kidevu, akaelewa kwamba ndiyo pekee kati ya kumi iliyobaki na mwandiko wa Bingwa. Bei aliyoitaja ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba glovu ikae kwenye kioo cha mbele, maneno yakitazama barabarani. Goti likapasuliwa, na mke wake sasa hupita pale kwa miguu yake mwenyewe akawaonyesha watu mahali jino la mumewe lilipoandikwa.

Kazi ya duka ilikatika kama alivyoahidiwa. Majina hakupewa. Mama Futa akabandika tangazo: "Glovu za Bingwa nilizosafisha, saini si yake. Maneno niliyoyafuta ndiyo yaliyokuwa yake. Niliyefanya hivyo ni mimi." Mumewe alilisoma mara mbili akakosa utani, akaingia ndani kumchemshia chai. Watu wakaja, wengine kuuliza, wengine kutukana. Hakujificha, na hakumtaja Bwana Kabati hata mara moja.

Siku moja akaja mjane mmoja na glovu ndani ya kitambaa. Mwanawe ndiye aliyeileta kusafishwa. Mjane alipojua akaizuia isiuzwe, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Marehemu mume wangu alikuwa akimfunga Bingwa bandeji za mikono," alisema. "Mimi sikujua kusoma, basi kila mwaka alinisomea maneno haya, na kila mwaka aliyabadilisha, mtani yule. Nimejifunza kusoma uzeeni ili nijue ukweli. Najua hayarudi. Niambie tu yalisemaje."

Ingekuwa rahisi kutunga. Neno lolote tamu lingetosha, na hakuna ambaye angejua. Mama Futa alivua lenzi.

"Sikuyasoma, dada yangu. Nilianzia mwisho makusudi ili nisiyasome. Nisamehe."

Mjane akakaa kwenye kiti cha wateja, glovu mapajani, akaanza kusimulia alivyosomewa mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Mama Futa aliisukuma pamba kando, akasikiliza yote.