Mikono ya Kukamulia

Mishipa yangu ina tabia ya kujificha. Tangu usichana wangu manesi wamekuwa wakinifunga mpira mkononi, wakipigapiga ngozi kwa vidole viwili, kisha wakimwita mwenzao. Nilipoanza kutibiwa saratani ya utumbo katika hospitali moja mjini Arusha, jambo hilo likaacha kuwa la kuchekesha. Julai, baridi ikishuka kutoka Meru, ilikuwa kama sina damu kabisa. Nilikaa na chupa ya maji ya moto mapajani, mikono yote miwili juu yake, nikisubiri mshipa ujitokeze.

Siku moja dawa ilivuja nje ya mshipa, ikaniunguza mgongo wa mkono wa kulia. Nikamwambia daktari sirudi tena. Sikuwa natishia mtu. Nilikuwa nimechoka kuchomwa.

Daktari akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni mrija mwembamba unaoingilia juu ya kiwiko hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Ncha yake hubaki nje, chini ya bandeji, na haitakiwi kulowa. Ya pili ni kidude kama kifungo cha koti, kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua, na mrija wake unaishia palepale. Kidonda kikipona, kinabaki kiuvimbe tu. Ila kwa hicho lazima uingie chumba cha upasuaji.

Dada yangu wa Njiro, ambaye ndiye aliyekuwa akinipeleka kwa gari lake, alishachagua kabla sijafungua mdomo.

"Mrija wa mkononi," akasema. "Kifuani kuna moyo. Wasianze kuchokonoa huko."

Njia zote mbili zinaishia karibu na moyo, lakini dada yangu husikia anachotaka.

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Ng'ombe gani tena, mdogo wangu? Auzwe."

Naishi Kikwe, nina ng'ombe mmoja wa maziwa, mkorofi. Kukamua ni maji ya vuguvugu, samadi na mkia wa kukuchapa usoni. Bandeji haimalizi asubuhi moja. Lakini sikuwa namlilia ng'ombe. Shamba nilishaliacha, na jiko la kanisani pia. Kukamua ndiyo kazi pekee niliyoifanya bila mtu kunionea huruma, ng'ombe mwenyewe akiwemo. Niliogopa kwamba nikiiacha nitabaki mgonjwa tu. Nikamwambia daktari hivyo hivyo. Dada yangu akatazama dirishani.

Nikachagua kifua. Walinichoma ganzi, nikawasikia wakivutavuta ngozi kama fundi anayepachika zipu.

Kidonda kilipopona nikarudi kwenye dawa.

"Shikamoo mama," nesi akasema, akafungua sindano yake.

Nikaitikia, nikapandisha mikono ya sweta, nikanyoosha mikono yote miwili mbele na kufumba macho. Nikachomwa mara moja tu, kifuani. Nilipofumbua, dripu ilikuwa inashuka na mikono yangu bado iko hewani.

"Hiyo ya nini, mama?" nesi akauliza. Akaishusha taratibu, akaifunika kwa khanga yangu. "Iache humo, kuna baridi."

Nikaiacha humo ipate joto. Bado ilikuwa inanuka mafuta ya kukamulia, na nikalia, kwa mara ya kwanza tangu niugue.