Majibu ni ya Mwenye Damu

Dada wa maabara pale Kihesa tumekua naye mtaa mmoja, lakini ukikaa kwenye kiti chake anakuuliza jina mara mbili, analiandika kwenye kichupa, ndo anashika sindano. Mshipa anaugonga kwa vidole viwili, kama mtu anabisha hodi. Sauti yake ndogo, mikono inanuka spiriti. Mimi, dume zima, niliacha shule darasa la sita na bado najua kila kitu, nikamtania: "Miaka mitatu chuoni, leseni umetundika ukutani, yote hiyo kusomea mikojo ya watu?" Akasema, "Kunja ngumi, wewe la sita."

Siku hiyo tulienda kupima Ukimwi, mimi na mchumba wangu Evarista, maana bila kupima mchungaji wetu hatangazi ndoa. Tukiwa tunasubiri, baba mkwe, mzee Aroni, akaingia bila hodi, akamsalimu dada kwa Kihehe. "Kamwene. Nipe majibu ya hawa watoto." "Kamwene, baba. Majibu ni ya mwenye damu." "Huyu binti yangu! Mahari nimepokea mimi!" "Mahari umepokea wewe, baba. Damu nimepokea mimi." Mzee akapiga meza, akamtaja mganga mkuu, akamtaja na mchungaji. Dada akafunika vichupa kwa kiganja, hata kiti hakusogeza, mpaka mzee akatoka mwenyewe. Akafunga mlango, akatuuliza kila mtu kama anakubali mwenzie asikie. Tukakubali. Akatuambia kwa sauti yake ileile ndogo.

Sasa na wewe umenitolea macho unataka majibu yangu. Yule dada yupo palepale, nenda kamuulize.