Uzito Uliobaki wa Mtoto Mwingine

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya watoto hapa Juba, Mkuu wa Takwimu alinikabidhi kompyuta yenye vumbi. Alikuwa mama aliyelelewa Kenya, kama mimi. "Kijana, hapa hakuna wa kukushika mkono," alisema. "Ukiharibu, utatengeneza mwenyewe." Nilidhani amenisifu.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha lugha mbili za kompyuta. Skrini za wauguzi niliziandika kwa Python. Chini yake kulikuwa na maktaba ya C, yaani faili la kazi zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, lililosoma mizani na kukokotoa dozi ya dripu. Aliyeliandika alikimbia vita, na maandishi yake ya asili yakaporwa pamoja na kompyuta. Tukabaki na faili ambalo ungeweza kuliita kwa jina, kulipa namba na kupokea jibu, lakini huwezi kulisoma ndani.

Ukiliita faili la namna hiyo, tangaza kwanza aina ya namba unazopeleka. Ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, namba nzima huwekwa mahali pake na zenye nukta mahali pengine. Chukulia ni masinia mawili. Mimi sikutangaza. Python ilipokataa kupeleka uzito wenye nukta, badala ya kujiuliza kwa nini, niliikata nukta. Ikanyamaza. Kumbe C iliendelea kutazama sinia la nukta, na humo ikaukuta uzito ambao mizani ilikuwa imetoka kuusoma. Kwa hiyo kila nilipojaribu, jibu lilikuwa sahihi, nami nikajiona fundi.

Mchana mmoja mizani ikafa, baada tu ya kumpima mtoto wa kilo kumi na moja. Sista Keji, muuguzi aliyekulia Uganda, akampima aliyefuata kwa mizani ya kuning'iniza, akauandika uzito kwa mkono: kilo tano. Programu ikatoa dozi ya yule wa kwanza. Wodi ilikuwa imejaa, na ni mimi niliyewafundisha wauguzi kuiamini skrini. Mtoto alikufa kabla jua halijatua.

Ilisemwa kwamba Keji aliandika kumi na moja, kisha akasahihisha ili kujificha.

"Mimi naandika tano, Ustaz," aliniambia mlangoni. "Mungu iko naona."

Kesho yake asubuhi, mizani ilipotengenezwa, niling'oa waya wake, nikaandika tano, kisha thelathini. Jibu halikubadilika. Nikatangaza aina za namba. Marekebisho yalikuwa mistari miwili tu. Nikaenda kwa Mkuu, nikamweleza.

"Umerekebisha?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi khalas. Ukisema, hii mashine itafungwa, na wodi yote irudi kukisia dozi kwa macho. Unataka hiyo?"

Nilijua wodi ile kabla ya mashine ilikuwaje, kwa hiyo maneno yake yalikuwa na ukweli ndani yake. Niliushika ukweli huo kwa mikono miwili kwa sababu ulinifaa. Ijumaa Keji akafukuzwa. Mimi nikapelekwa ghala la dawa, kisha ofisi ya Mkurugenzi wa Mifumo, nikipanda cheo kila nilipohama. Vijana wangu walinicheka kwa kuwalazimisha watangaze aina za namba hata pasipohitajika. Walidhani ni uzee.

Nimestaafu mwaka huu. La kuvunda halina ubani, na nyumbani hakuna kazi ya kunisahaulisha. Wiki iliyopita nikaenda mtaa wa Gudele, Keji anakouza makaa mbele ya nyumba yake. Nikamweleza yote, tangu sinia hadi Mkuu. Alinisikiliza huku akiendelea kujaza mikebe.

"Mistari mbili?"

"Miwili."

"Na kesho yake wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akatazama kidole chake cha shahada, cheusi kwa makaa. "Mimi nilianza amini ni hii kidole ndio ilikosea. Kila Krismasi naenda Munuki kwa mama ya ule mtoto, napiga magoti, naomba msamaha. Yeye nanipa chai."

Nililia, na hakunibembeleza.

Alifunika makaa kwa gunia, akanawa mikono, akaita boda mbili.

"Panda, Ustaz. Leo magoti ni yako."